Kabla hujabisha kijiweni, jua kwanza mwenzako kadai nini

Mei 2025, jioni ile Simba katoka sare 1-1 na Berkane ya Morocco pale Amaan Zanzibar, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na kombe limeshaondoka, mi nilikuwa kwa kinyozi. Ubishi ukawaka mpaka kinyozi mwenyewe akazima mashine aingie kati, nikabaki kwenye kiti upande mmoja umenyolewa upande mwingine bado. Kwa kuwa sina pa kwenda nikaanza kusikiliza vizuri, nikagundua karibu kila mtu pale ana point, ila kila mmoja anabishania kitu chake, huyu anataja rekodi, yule anataja sababu, wa tatu anasema nini kifanyike, na wote wanadhani wanajibizana.

Sasa fanya hivi. Mtu akitoa dai usimjibu kwanza, jiulize kimoyomoyo: huyu akiwa amekosea, nitamwonyesha kwa kutumia nini? Jibu la hilo swali ndo linakwambia dai ni la aina gani.

Kama utamwonyesha kwa rekodi, basi ni dai la tukio, limetokea au halijatokea. Mtu anasema Yanga haijawahi kufika fainali Afrika. Hapo hakuna haja ya kutoa mishipa ya shingo, toa simu. Mwaka 2023 Yanga alifika fainali ya Shirikisho, akafungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria kwa Mkapa (Uwanja wa Mkapa, Dar), akaenda Algiers akashinda 1-0, jumla 2-2, USM Alger wakabeba kwa kuwa na magoli mengi ya ugenini. Imeisha hiyo. Ila angalia na maneno, maana kuna jamaa alisema Simba alicheza fainali ya Shirikisho 1993, fainali kweli alicheza, na Stella Abidjan, lakini lile lilikuwa Kombe la CAF, Shirikisho limeanza 2004. Dai la tukio linaweza kuharibika kwa neno moja tu.

Aina ya pili ndo inamaliza watu, dai la maana ya neno. "Simba ndo timu kubwa nchi hii." Jamaa wa Yanga anajibu sisi wa 1935 nyie wa 1936, na ubingwa wa ligi tunao mwingi kuwazidi. Wa Simba anajibu nusu fainali ya klabu bingwa Afrika 1974, fainali 1993, fainali tena 2025. Cheki hapo, hakuna aliyedanganya! Wote wametaja vitu vya kweli na bado hawaelewani hata kidogo, kwa sababu mmoja kwake "kubwa" ni umri na makombe ya nyumbani, mwingine kwake ni Afrika, na hata wakiletewa rekodi za CAF zote hapo mezani haisaidii. Ukikutana na hili uliza tu "kubwa kwa maana gani?" kabla hujataja mwaka wowote. Kuna wengine ukiwauliza hivyo wanakasirika, wanaona unawazungusha, we uliza tu.

Tatu ni dai la sababu, na hapa ndo kwenye uongo mtamu. "Simba kakosa kombe kwa sababu mechi imehamishiwa Zanzibar." Mechi ilihamishwa, kweli. Kombe alikosa, kweli. Ila vitu viwili kuwa kweli haimaanishi kimoja kimezaa kingine. Muulize ingechezwa kwa Mkapa kingebadilika nini hasa, halafu mkumbushe kule Morocco alishafungwa 2-0 kabla hata ya kuja, na kuna kadi nyekundu ya mchezaji wa Simba kipindi cha pili. Na kama kwa Mkapa ni dawa, mbona Yanga alifungwa hapohapo kwenye fainali yake? Sisemi uwanja hauhusiki kabisa, inawezekana ulichangia, ila "ulichangia" na "ndo sababu" ni madai mawili tofauti na la pili linataka ushahidi mzito zaidi.

Dai la thamani, mfano fulani anacheza mpira mtamu, usilipotezee muda sana. Mkikubaliana utamu mnaupima kwa nini mnaweza kuongea, msipokubaliana agizeni kahawa.

La mwisho ni la nini kifanyike: "wachezaji wa kigeni wapunguzwe." Hili linakuja na mizigo ndani, limebeba tukio (kwamba ni wengi), sababu (kwamba wao ndo wanawabania wazawa) na thamani (kwamba Taifa Stars ni muhimu kuliko klabu kushinda Afrika). Usilipige lote kwa mpigo, fungua mzigo mmoja mmoja utaona ule dhaifu uko wapi. Na hata mizigo yote ikiwa mizima bado uliza dawa yenyewe itaponya au itakuja na ugonjwa mwingine.

Tatizo mbishi mzoefu huwa hakai sehemu moja. Ukimbana kwenye tukio anahamia kwenye thamani, ukimfuata huko anakwambia sasa we unataka tufanyeje. Usimfuate, mwambie taratibu "hili la kwanza umekubali au hujakubali?" Nilimjaribu nalo kinyozi wangu siku ileile, maana yeye ni Yanga wa damu, akanitazama kwenye kioo akauliza kwani we umekuja kunyolewa au kufundisha. Upande wa pili alininyoa vibaya.