Namna ya kuusikiliza Echoes, wimbo wa dakika 23, mpaka mwisho bila kuuruka

Mtu akiniuliza wimbo gani naupenda kuliko zote namtajia Echoes wa bendi ya Pink Floyd, na nikishamtajia namtumia, afu baada ya siku mbili ananijibu "nimesikiliza dakika nne nikaona hata haujaanza". Imenitokea mara nyingi mpaka nimeona bora niandike jinsi ya kuusikiliza, maana masikio ya watu hayana shida yoyote, ila tumezoea ngoma za dakika tatu na hii inataka uikalie kama watu wanavyoikalia shoo ya taarab, huendi saa tatu usiku ukaondoka saa tatu na nusu ukasema umeona taarab.

Wimbo ni wa 1971, uko kwenye albamu inaitwa Meddle, na unameza upande mzima wa pili wa santuri, kama dakika 23 na nusu hivi. Wanaume wanne wa Uingereza: Roger Waters anapiga besi na ndo kaandika maneno, David Gilmour gita, Richard Wright vinanda, Nick Mason dramu. Gilmour na Wright wanaimba pamoja, sauti zimelaliana kiasi kwamba mara ya kwanza unaweza kudhani ni mtu mmoja.

Kabla hujabonyeza chochote, daunlodi kabisa. Usiupige kwa bando huku mtandao unakatakata wala kwenye ile programu ya bure inayoingiza matangazo, tangazo la sabuni likiingia dakika ya 13 basi kazi yote imeharibika na itabidi urudi mwanzo. Weka simu flaiti modi. Vaa iafoni, za kawaida tu zinatosha, lakini spika ya simu hapana, maana besi ya Waters haitasikika na ule upepo wa katikati (nitaufikia) utakuwa kama redio imepoteza steshini. Afu uwe sehemu ambayo huna kazi ya mikono. Safarini ni pazuri sana, mi mwenyewe ndo nilikoupatia.

Haya, bonyeza. Utasikia noti moja ya kinanda, tii, kama tone la maji linaanguka kwenye pango, afu kimya, afu tena tii. Hiyo ni piano ya Wright imepitishwa kwenye spika ya Leslie, ile ambayo ndani yake kuna kitu kinazunguka ndo maana sauti inatetemeka. Walipokuja kurekodi kwa umakini studio walishindwa kuipata tena ile sauti jinsi ilivyotoka kwenye majaribio ya mwanzo, ikabidi wachukue ileile ya majaribio waiunganishe na wimbo. Ishike hiyo noti kichwani. Sikwambii uichambue, we ikumbuke tu, maana itakuja kurudi na ikirudi ndo utajua kwa nini nakusumbua hivi.

Kuimba kunaanza kama dakika ya 3. Kama Kiingereza kinakupita wala usipate presha, maneno ni machache: kuna ndege mkubwa wa baharini ametulia angani, kuna mapango ya matumbawe chini kabisa ya maji, halafu beti la pili linatoka baharini linaenda barabarani, watu wawili wasiojuana wanapishana, macho yao yanakutana, na mmoja anajiona yeye mwenyewe ndani ya yule mwingine. Ndo hivyo. Waters alikuwa anaandika juu ya mtu kumtambua mtu, na jina la wimbo ni mwangwi, yaani kinachokwenda kikakurudia.

Dakika ya 7 hivi biti inabadilika, dramu na besi zinashika mwendo mmoja mzito wa fanki na gita linaanza kukata. Hapa watu wetu wote wanafurahi, na ni haki yao, maana ni kama sebene imeingia. Ila ndo hapahapa pa kuwa makini. Sisi kwenye rumba tumezoeshwa kwamba sebene ndo kilele, wanaimba taratibu weee, afu magita yanafunguka, watu wanacheza, wimbo unaishia hukohuko juu. Kwenye Echoes sebene inakuja mapema, hata nusu ya wimbo hujafika, na ikiisha haikupeleki kwenye kucheza zaidi, inakuacha gizani.

Dakika ya 11 kila kitu kinazama. Dramu hamna, kuimba hamna, unabaki na upepo, kunguru kwa mbali, na milio mirefu kama nyangumi au ndege wa baharini wanalia. Ile milio ni gita. Gilmour alichomeka pedali ya wawa, kile kifaa cha gita cha kukanyagia kwa mguu, kinyumenyume, waya wa kuingilia ukakaa kwenye tundu la kutokea, na badala ya kupindisha sauti ya gita kama kawaida ikawa inapiga mayowe yenyewe. Inadumu kama dakika tatu na kitu. Wengi wanarukia hapa, wanasogeza kidole mpaka kwenye muziki unaofuata, na ukifanya hivyo umeukosa wimbo wote hata kama umesikiliza dakika 20 zilizobaki.

Niwaambie nilivyonusurika mimi. Nilikuwa kwenye basi natoka Dar naenda Mbeya, jamaa aliniwekea albamu kwenye simu wiki hiyo, na siti ya pembeni alikaa mama na mtoto wa kama miaka minne. Tulivyopita Mikumi mtoto akalala, akaniegemea, kichwa chote kwenye mkono wangu wa kulia, na simu ilikuwa mfuko wa kulia. Mama yake akataka kumvuta nikamwambia mwache tu dada, amechoka. Wimbo ukaanza tukiwa kwenye ile mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, sebene ikaja nikaipenda, afu ukaja ule upepo na yale mayowe, na kwa kweli nilitaka kuruka, mkono ndo haukuwa na pa kwenda bila kumwamsha mtoto wa watu. Kwa hiyo nikakaa nao. Dakika ya kwanza nilikereka, ya pili nikaanza kuangalia nje, jua kali, mibuyu imesimama mmojammoja, na sijui ni lini hasa ila nikawa siusubiri tena muziki urudi, nilikuwa nimeshazoea kwamba umekufa.

Na hapo, karibu na dakika ya 15, tii.

Noti ileile. Mwili wote ulinisisimka, sitanii, na mpaka leo nikiusikiliza mzima unanisisimka palepale. Na nimejaribu kuisikia bila kupita upepo, nikaanzia dakika ya 14 na nusu makusudi, haifanyi kitu, ni kinanda tu kinalia. Nguvu ya ile noti iko kwenye zile dakika tatu ulizokaa bila kitu, kwa hiyo ule upepo sio mapambo wala sio wao kujaza santuri, ni sehemu ya wimbo kama beti lilivyo sehemu ya wimbo. Na hii ndo sababu yangu hasa ya kuupenda kuliko nyimbo zingine nzuri ninazozijua: dakika 23 hazijawekwa ili zionekane nyingi, zimewekwa kwa sababu huwezi kukimisi kitu ambacho hakijaondoka.

Baada ya hapo usifanye chochote, wimbo utakubeba. Kinanda kinapanda polepole, dramu zinarudi kwa kunyata, gita linakwaruza chinichini, linajaa, linajaa, kwenye dakika ya 18 magita yanafunguka kama mtu amesukuma dirisha asubuhi, na dakika ya 19 hivi wanaingia tena wale wawili kuimba beti la tatu. Sauti ni ileile ya mwanzo, ila we uliyeanza siye unayesikia saa hizi. Mi nilikuwa nimeshaanza kupanda mlima Kitonga, basi linanguruma nyuma ya malori, mtoto wa mtu nisiyemjua kalala mkononi, na wale jamaa wanaimba habari za watu wasiojuana. Maneno nilikuja kuyaelewa vizuri baadaye, ila nadhani siku ile nilishayapata.

Sikiliza mara tatu kabla hujaamua kama unaupenda au la, na sio siku moja. Ukishaushika ndo utafute filamu yao ya Pompeii, walipiga Oktoba 1971 ndani ya uwanja wa kale wa Warumi kule Italia bila hadhira, na wimbo wameukata vipande viwili, kimoja kinafungua filamu na kingine kinafunga. Nzuri sana kuona mikono yao. Ila usianzie hapo, kukatwa kunauvunja.

Na ukitaka kulia kidogo kuna ile shoo ya Gdańsk, Poland, 2006, kwenye eneo la karakana za meli, Gilmour na Wright wameshakuwa wazee, mwishoni gita na kinanda vinajibizana kidogokidogo kama watu wanaoagana mlangoni na hakuna anayetaka kuondoka. Wright alifariki Septemba 2008, na Gilmour akasema bila yeye hataupiga tena. Namwelewa, wale wawili ndo walikuwa wanaimba kama mtu mmoja.

La mwisho na ni la muhimu: zima ile kitu ya simu kuendelea na wimbo mwingine wenyewe. Echoes ndo wa mwisho kwenye albamu, unaishia na sauti kama kwaya zinapanda, zinapanda, zinazidi kwenda mbali mpaka huna uhakika kama bado unazisikia, na ukirukiwa na wimbo mwingine pale umeibiwa. Mi siku ile albamu iliisha, simu ikanyamaza, ule upepo wao ukaisha taratibu nikabaki na upepo wa dirishani, na sikugusa simu mpaka mtoto alipoamka, Iringa.