Lazima yaoshwe, yanaweza kuuzwa: kuunda sentensi tendwa za Kiingereza zenye can, must na should

Kiingereza kinachobandikwa ukutani kwenye maghala ya kufungashia maparachichi Rungwe, kwenye ofisi za mpakani Tunduma au kwenye malango ya hifadhi mara nyingi ni cha aina moja: "Hands must be washed", "Goods may be inspected", "Flowers must not be picked". Mtenda hatajwi. Wanafunzi wangu wa jioni hapa Mbeya wanakihitaji Kiingereza hicho kazini, na ndicho kinachowapiga chenga kuliko kingine.

Shuleni tulizoea kugeuza. Unapewa sentensi ya kutenda, unaileta yambwa (kile kinachotendewa) mbele, unabadili kitenzi, mtenda unampeleka mwisho. Kwenye karatasi ya mtihani njia hiyo inafaa. Lakini anayeandika tangazo la kazini hana sentensi ya kugeuza. Ana wazo lililomjia kwa Kiswahili, na Kiswahili kimeshamfanyia nusu ya kazi. Basi tuanzie huko.

Hatua ya 1: Andika kwa Kiswahili, kisha itafute -wa

Chukua sentensi tatu za kwetu:

Maparachichi haya yanaweza kuuzwa nje.
Majani ya chai lazima yapelekwe kiwandani leo.
Viazi havipaswi kuachwa juani.

Kuuzwa, yapelekwe, kuachwa: zote zina ile w ya kutendwa. Ukiiona, jua kwamba kwa Kiingereza utahitaji "be" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, kama "sold" la "sell, sold, sold". Kitu kilichotangulia kwa Kiswahili, yaani maparachichi, majani au viazi, kitatangulia vilevile kwa Kiingereza. Huna haja ya kuhamisha chochote.

Kuna mlango wa pili ambao vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza havitakuonyesha, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Ni vitenzi vyenye -ika na -eka. Tukisema "barabara haipitiki", neno "weza" halimo, lakini maana ya kuweza imo. Kwa Kiingereza lazima uitoe hadharani: "The road cannot be used." Vivyo hivyo, "Ziwa Ngosi linaonekana ukifika ukingoni" ni "Lake Ngosi can be seen from the rim." Waongoza watalii, shikeni sana hii. Angalia tu kwamba si kila -ika ina uwezekano ndani yake. "Kikombe kimevunjika" ni hali ya kikombe sasa hivi, wala "can" haihusiki.

Hatua ya 2: Chagua kitenzi kisaidizi

Uzito wa neno la Kiswahili ndio utakaokuongoza. Lazima ni "must". Inapaswa, inafaa au inatakiwa kwa maana ya ushauri ni "should". Inaweza ni "can". Inaruhusiwa, hasa kwenye matangazo rasmi, ni "may". Huenda ni "may" au "might". Kiambishi -ta- cha wakati ujao ni "will". Hapo hapana ugumu mkubwa.

Ugumu uko kwenye ukanushi wa lazima. Linganisha hizi:

Makreti haya si lazima yaoshwe.
Makreti haya ni marufuku kuoshwa.

Mwanafunzi anayeona "si lazima" mkono wake hukimbilia "must not", akaandika "These crates must not be washed." Hiyo ni tafsiri ya sentensi ya pili! "Must not" ni katazo kamili. Kwa sentensi ya kwanza tunasema "These crates do not have to be washed", au kwa mtindo rasmi zaidi, "These crates need not be washed." Tofauti hii ina gharama. Msimamizi aliyetaka kuwapunguzia watu kazi atakuwa amewakataza kufanya usafi, na mkaguzi wa mnunuzi akisoma hapo patakuwa na maswali.

Hatua ya 3: Weka "be", usiiguse

Baada ya kisaidizi, "be" haibadiliki. Kiima kiwe kimoja au vingi, kiwe mtu au gunia, ni "be" tu. Usiandike "must is", usiandike "can are", na wala usichomeke "to" katikati: "can to be sold" ni kosa.

"Ought" na "have" ndizo zinazodai "to": "ought to be sold", "have to be sold". Na "have" hufuata kiima, hivyo gunia moja "has to be weighed", magunia mengi "have to be weighed".

Hatua ya 4: Malizia kwa umbo la tatu

Vitenzi vya kawaida huchukua -ed: picked, washed, weighed, packed. Visivyo vya kawaida ni vya kukariri, hakuna ujanja. Anza na vile vya kazi yako. Kwa mkulima na mfanyabiashara: grow hadi grown, sell hadi sold, keep hadi kept, send hadi sent, take hadi taken, dig hadi dug. Cut na put hazibadiliki.

Kosa kubwa hapa linatokana na sikio. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo ile -ed ya "washed" au "packed" humezwa tunapotamka, na kalamu ikafuata ulimi: "must be wash". Nawaagiza wanafunzi waitamke kwa kutia chumvi wakati wa mazoezi, hata kama darasa litacheka.

Sasa zile sentensi tatu zimekamilika:

These avocados can be sold abroad.
The tea leaves must be taken to the factory today.
Potatoes should not be left in the sun.

Umeona "not" imekaa wapi: mara tu baada ya kisaidizi, kabla ya "be". "Cannot" huandikwa neno moja. Ukitaka kuuliza, kisaidizi kinaruka mbele ya kiima: "Can these avocados be sold abroad?" Kwenye "have to" tumia do au does: "Does the sack have to be weighed?"

Hatua ya 5: Mambo yaliyokwisha kupita

Hapa "be" inaachia nafasi "have been". Majani ya chai yalipaswa kuchumwa jana: "The tea should have been picked yesterday." Maana yake hayakuchumwa, na kuna lawama kidogo ndani yake. Mzigo ungeweza kuuzwa Makambako: "The load could have been sold in Makambako."

Simama kwenye lazima tena, kwa maana ndilo neno lenye vituko. "Ilikuwa lazima viazi viuzwe" ni wajibu uliokuwepo, na kwa Kiingereza ni "The potatoes had to be sold." Ukiandika "The potatoes must have been sold", umesema jambo jingine kabisa: bila shaka viliuzwa, maana naona ghala tupu. Ya kwanza inaeleza wajibu, ya pili ni kukisia kwa kuona dalili. Andika sentensi hizi mbili kwenye daftari, moja chini ya nyingine.

Hatua ya 6: Mtenda, ikibidi

Mara nyingi mwache. Akihitajika, "na" ya Kiswahili ni "by": mizigo inaweza kukaguliwa na ofisa, "Goods may be inspected by an officer." "Kwa" ya kifaa ni "with": parachichi linafaa kukatwa kwa mkasi likiwa na kikonyo chake, "Avocados should be cut with clippers." Kiingereza nacho kina ukaidi wake: kimondo cha Mbozi, chenye tani 16 hivi, hakiwezi kuinuliwa kwa mikono, na hapo ni "by hand": "The Mbozi meteorite cannot be lifted by hand."

Halafu kuna vitenzi visivyokubali kutendwa kwa Kiingereza hata kama kwetu vinakubali. Mvua ya Tukuyu haiombwi, kwa hiyo mwongoza wageni lazima ajue kusema "huenda tukanyeshewa". Usijitese kuitafutia umbo la kutendwa, sema "We might get wet." "Arrive" na "happen" nazo hazina umbo hilo, kwa hiyo "will be arrived" ifute.

Jipime

Tafsiri bila kuangalia chini:

a) Kwenye mteremko wa Kitonga lazima gia ndogo itumike.
b) Si lazima fomu hii ijazwe leo.
c) Mizizi ya okidi ya Kitulo hairuhusiwi kuchimbwa.
d) Mzigo ulipaswa kupimwa kabla ya kufika Tunduma.
e) Huenda barabara ya Kitulo isipitike kesho.

Majibu:

a) Low gear must be used on the Kitonga slope.
b) This form does not have to be filled in today.
c) Orchid roots may not be dug up in Kitulo. Hata "must not be dug up" ni sahihi, tena ni kali zaidi.
d) The load should have been weighed before it reached Tunduma.
e) Hii ni ya mtego. Ina huenda na ina -ika, kwa hiyo utashawishika kuandika "might cannot be used". Visaidizi viwili vya aina hii havikai pamoja. Kimoja kinabaki, na uwezekano wa -ika unabebwa na kivumishi: "The Kitulo road might not be passable tomorrow."