Panga la mtambo wa upepo likistaafu, ligonge kabla hujalikata

Wengi wakiletewa panga kuukuu la mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme ili waligeuze benchi au kivuli, huanza na grainda. Mimi huanza na nyundo ya mbao. Nagonga kila kiganja kimoja, kutoka shinani hadi nchani, huku nimetega sikio. Palipo pazima hulia kwa ukali. Mahali ambapo matabaka ya faibaglasi (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu iitwayo rezini) yameachana huitika kwa sauti butu, kama ubao ulioliwa na mchwa. Hapo nazungushia chaki, na kipande hicho hakitabeba mtu.

Panga hushushwa baada ya miaka 20 hadi 25, lakini mara nyingi bado lina nguvu nyingi. Ukilifukia halitaoza, na kuliyeyusha kama chuma haiwezekani, kwa sababu rezini yake ikishakauka hairudi tena kuwa majimaji. Ndiyo maana napenda lipewe kazi likiwa bado na umbo lake. Kila unapokata unapoteza nguvu ambayo tayari imo, kwa hiyo kata mara chache.

Umbo lenyewe litakuambia cha kufanya. Shina ni duara nene la faibaglasi tupu: likate pete, upate bustani ya maua au pango la watoto kuchezea. Katikati, ndani, kuna boriti inayokimbia kwa urefu, na humo ndimo nguvu ilimo. Kusini mwa Ireland, katika kaunti ya Cork, mapanga yalifanywa nguzo za kulala za daraja la waenda kwa miguu mwaka 2022. Kazi ya namna hiyo haifanywi bila mhandisi wa kupiga hesabu za uzito. Ncha, ambayo ni nyembamba na imepinda vizuri, hutoa benchi au kivuli. Aalborg, Denmark, kipande cha panga kimekuwa paa la maegesho ya baiskeli.

Kabla ya kukata, tafuta waya wa radi unaopita ndani na uutoe. Kisha tumia diski ya almasi, na mwenzako amwagie maji pale inapokata muda wote. Vumbi la faibaglasi ni adui: vaa maski yenye vichujio, miwani iliyofunika pande zote, mikono mirefu. Ukimaliza, oga kwa maji baridi kwanza, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mabaki usiyachome moto hata kidogo.

Sasa bolti, na hapa nisikilize vizuri. Pembeni mwa boriti, ganda la panga ni ngozi mbili nyembamba za faibaglasi zilizobana mbao laini ya balsa au povu gumu. Benchi langu la kwanza nilitoboa hapo, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, nikasikia "krak": ngozi ilididimia ndani, na maji ya mvua yakapata njia. Miezi michache baadaye balsa ilikuwa tope jeusi. Iliniuma, maana kipande kilikuwa kizuri. Tangu siku ile natoboa tundu pana kuliko bolti, nakwangua balsa kulizunguka, najaza rezini iliyochanganywa na unga wa kuikaza, naacha ikauke usiku kucha, ndipo natoboa tena katikati yake. Weka washa pana (visahani vya chuma vyenye tundu) pande zote mbili na ukaze taratibu. Pakiwezekana, funga kwenye boriti yenyewe.

Kingo zote ulizokata zipige msasa ukiwa na maski, uzipake rezini mara mbili, kisha rangi inayozuia jua. Pitisha kiganja kilichovaa glavu nyembamba ukingoni: kikikwama, nyuzi bado zimechomoza, rudia. Benchi ambalo mtoto atalikalia na kaptula halitakiwi kumwachia hata uzi mmoja pajani.

Msimu wa kwanza wa mvua ukiisha, rudi na ile nyundo ugonge kuzunguka kila bolti.