Mashine ya boti na kipupwe cha kusini mwa Uingereza

Ukiweka kiboti Southampton, Poole au Falmouth, utaambiwa baridi ya huko si ya kutisha. Ni kweli, usiku mwingi wa Januari kipimo hubaki nyuzi chache juu ya sifuri. Lakini mashine haipasuliwi na wastani, hupasuliwa na usiku mmoja. Mwishoni mwa Februari 2018, watu wakiwa wameshaanza kuwaza kiangazi, upepo wa mashariki ulileta theluji mpaka Cornwall. Maji yaliyobaki ndani ya injini yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bloku ya injini haitanuki.

Waliokulia kwenye mashine za kupachika nyuma ya boti za Lamu, Tanga au Unguja wana desturi nzuri ya kuisuuza kwa maji matamu kila ikitoka baharini. Iendelezeni, ila mjue mtego wake. Maji ya bahari huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, maji matamu huganda kwenye sifuri yenyewe. Aliyesuuza akaacha maji ndani amejiongezea hatari. Baada ya kusuuza, isimamishe mashine wima hadi tone la mwisho litoke. Usiiache imeinuliwa, maana mvua hujaa kwenye kitovu cha propela, ikaganda humo.

Ikiwa imesimama hivyo, fungua skrubu ya chini ya gia, uitazame oili inayotoka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili, yaani kizuizi cha maji, imevuja, na hilo ni la kumpelekea fundi sasa hivi wala si Aprili. Hata ikitoka safi, mimi huibadilisha.

Injini ya dizeli iliyo ndani ya boti ina kazi zaidi. Ipashe moto kwanza ili themostati, mlango unaoruhusu maji kupita injini ikipata moto, ifunguke, kisha izime. Badilisha oili na filta yake papo hapo. Oili iliyotumika ina tindikali na unyevu, na hakuna sababu ya kuviacha vikae kwenye beringi miezi minne. Halafu funga valvu ya kuingizia maji ya bahari, chomoa mpira wake, utumbukize kwenye ndoo ya dawa ya kuzuia kuganda, uwashe mpaka rangi ya dawa ionekane kwenye ekzosi. Nunua ya propylene glycol. Ile ya ethylene glycol ni sumu kwa watu na wanyama, na dawa yenyewe huishia baharini.

Tangi la dizeli lijaze. Likibaki nusu, hewa iliyo juu hutoa jasho usiku, maji yakatuama chini na vijidudu vikaota humo. Petroli ni kinyume, usiiache ikae ndani: ya E10, inayouzwa Uingereza tangu Septemba 2021, ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hunyonya unyevu. Kwenye mashine ya kabureta, wakati ule ule wa kuisuuza, chomoa mpira wa mafuta huku maji ya kupoza yakiwa yameunganishwa, uiache iungurume mpaka izime yenyewe.

Betri ijaze chaji, kwani iliyoisha huganda upesi.

Kuna wanaokwenda kila Jumapili kuwasha injini dakika tano "isilale". Afadhali ilale. Dakika tano haziipashi moto, zinaingiza unyevu kwenye oili tu. Ukitaka kuiwasha, funga boti kwa kamba imara, itie gia, ifanye kazi mpaka ifikie joto lake la kawaida.

Isome pia bima yako. Baadhi hukataa kulipa injini iliyopasuliwa na barafu kama huna ushahidi kwamba iliandaliwa. Tunza risiti na picha.

Mwisho toa impela ya pampu ya maji, kwa sababu mabawa yake ya mpira yakikaa yamekunjwa miezi yote hiyo hubaki hivyo hivyo. Itie kwenye mfuko, uifunge pamoja na ufunguo wa kuwashia, ili atakayeshika ufunguo Machi aione kabla hajawasha.