Roli linalomisi likishapata moto: litafute tatizo injini ikiwa ya moto

Asubuhi roli linawaka vizuri. Dereva anatoka nalo, anatembea kilomita 30 au 40, injini inashika moto, kisha linaanza kumisi: linatikisika, linakosa nguvu, moshi unabadilika rangi. Likifika gereji limeshazimwa nusu saa, injini imepoa, na fundi akiliwasha haoni kitu. Basi anabahatisha. Mwenye gari ananunua nozeli nne mpya (zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda), halafu pampu inashushwa kwenda kupimwa, na roli likirudi barabarani linamisi palepale. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu tatizo hili linaonekana kabisa ukikubali kulisubiri.

Naeleza hapa injini za dizeli zenye pampu isiyo ya umeme, kama 4D33 ya Canter, ambazo bado ziko nyingi barabarani kwetu. Roli lako likiwa na komoni reli (mfumo wa dizeli unaoongozwa na kompyuta), hatua ya 3 usiiguse. Presha ya mfumo ule inazidi bar 1,000 na inaweza kukudunga dizeli chini ya ngozi. Hilo peleka kwa mwenye mashine ya kusoma sensa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni moto, siyo muda

Wengi wanaruka hapa. Roli likianza kumisi baada ya dakika 40, inawezekana joto halihusiki. Kitundu cha hewa cha tangi kikiziba, pampu inavuta dizeli mpaka tangi linajibana lenyewe, injini inakosa mafuta. Takataka ndani ya tangi nazo zinavutwa taratibu hadi kwenye mdomo wa bomba. Ukizima, zinazama, na baada ya dakika 10 roli linaenda kama jipya.

Kwa hiyo likianza kumisi, fungua mfuniko wa tangi. Likitulia, umemaliza kazi bila kushika spana. Lisipotulia, badilisha filta ya dizeli, kisha funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya kuingilia pampu uangalie kama kuna mapovu. Mapovu maana yake hewa inaingia mahali, na mara nyingi ni kwenye kibano kilicholegea au washa (pete ya kuziba) iliyochoka. Tatizo la namna hii huyumbisha injini nzima, halichagui silinda moja.

Hatua ya 2: Panda nalo, likiwa na mzigo

Usikubali kusimuliwa tu. Kaa kando ya dereva mpaka limisi, kisha tazama moshi. Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli isiyoungua. Mweupe wenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta yanayoingia ndani. Wa bluu ni oili.

Hatua ya 3: Itafute silinda iliyolala

Rudi gereji usizime. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na bado inamisi, vaa miwani na glavu, funika nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa kitambaa, ilegeze nusu mzunguko. Mlio ukibadilika na injini ikazidi kutikisika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda inayofuata. Ile ambayo ukilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa wako. Iandike ubavuni kwa chaki.

Hatua ya 4: Hamisha nozeli

Acha ipoe. Nozeli ya silinda mgonjwa ihamishie kwa jirani, ya jirani ilete hapa, na washa za shaba weka mpya. Endesha tena mpaka ipate moto. Kumisi kukihama na nozeli, umempata mwizi. Nalipenda jaribio hili kuliko mashine ya kupimia nozeli, kwa sababu mezani nozeli hupimwa ikiwa ya baridi. Sindano inayonata kwa joto inaweza kufaulu pale ikakwama kichwani mwa injini.

Hatua ya 5: Tapeti (nafasi ya valvu)

Kama kumisi kumebaki palepale, fungua kava ya juu kabla hujaigusa pampu. Niliwahi kuletewa Canter la kubeba saruji lililokuwa likimisi kila likifika mlima Kitonga. Lilikwishabadilishiwa nozeli zote. Silinda ya 3, valvu ya kutolea moshi, fila geji (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.40 haikuingia kabisa, ya 0.10 iliingia kwa kulazimisha.

Fundi kijana hudhani tapeti ikichakaa hulegea tu. Si hivyo. Kiti cha valvu kikilika, valvu inapanda juu na nafasi inapungua kimyakimya, bila kelele ya kukuonya. Injini ikiwa ya baridi, valvu inafunga. Ikipata moto inarefuka, nafasi inakwisha, inabaki wazi kidogo, na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inatoroka. Ukiiacha hivyo inaungua.

Pima injini ikiwa imepoa kabisa. Kwa 4D33 ni milimita 0.40 kwenye valvu zote. Injini nyingine fuata kitabu chake. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, hivyo 1 na 4 ni mapacha (pistoni zao hupanda na kushuka pamoja), 2 na 3 ni mapacha. Zungusha mpaka valvu za silinda ya 4 zibadilishane, moja ikifunga na nyingine ikifungua. Hapo seti za silinda ya 1. Fanya hivyo kwa kila pacha.

Hatua ya 6: Gasketi na hedi

Ufa wa hedi (kichwa cha injini) hufunguka kwa joto. Usifungue rejeta ya moto hata siku moja. Fungua ikiwa baridi, jaza maji, washa bila mfuniko, na angalia. Mapovu yasiyokoma, au ukirudisha mfuniko mpira wa juu kuwa mgumu kabla maji hayajapata moto, ni kompresheni inayoingia kwenye maji.

Hatua ya 7: Pampu, mwisho kabisa

Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi, na elementi (pistoni ndogo ya ndani ya pampu) iliyochakaa inaivujisha badala ya kuisukuma. Silinda yake inakosa mafuta. Muulize mwenye gari anajaza wapi: dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni nyepesi zaidi na hailainishi, ndiyo inayokula elementi hizi. Ukitengeneza pampu akaendelea kujaza palepale, atarudi.

Kama ulichorekebisha ni tapeti, mwambie dereva arudi baada ya wiki mbili za kazi, uipime tena ikiwa baridi. Ukikuta imebana tena, kiti cha valvu kinaendelea kuzama, na hedi lazima ishuke.