Kufunga filta kwenye kamera ya darubini: cheza na milimita

Kufunga filta zenyewe ni kazi ya robo saa. Kilichonichukua mwezi mzima ni kuzifanya nyota za kwenye kona za picha zibaki nukta. Kwa hiyo kwenye kufunga nitapita haraka, kwenye vipimo nitakaa.

Vifaa vyangu: kamera ya kupozwa isiyo na rangi (inapiga nyeusi na nyeupe tu), gurudumu la filta la matundu matano (sahani inayozunguka kuleta filta moja moja mbele ya kamera), na filta za inchi 1.25: nyekundu, kijani, buluu, ya haidrojeni na ya oksijeni. Napigia picha juu ya paa Dar es Salaam, na taa za mtaani unazijua. Filta ya haidrojeni inapitisha mwanga wa nanometa 656.3 na majirani zake wachache tu. Yangu ina upana wa nanometa 7. Mwanga mwingi wa taa unabaki nje, nebula ya Carina, lile wingu la gesi la anga ya kusini, inaingia.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayofaa kutazamia jua. Ya jua ni nyingine kabisa, na inakaa mbele ya darubini.

1. Andaa meza mchana, ndani ya nyumba. Zima feni, najua joto, lakini feni ndiyo inayorusha vumbi. Usifungue gurudumu juu ya paa usiku: unyevu wa pwani utaufungia humo humo. Vaa glovu zisizo na unga, na vumbi lipulize kwa pampu ndogo ya mpira. Ukipuliza kwa mdomo utaacha mate.

2. Weka filta kwenye matundu. Upande unaong'aa zaidi kama kioo mimi huuelekeza angani, isipokuwa mtengenezaji ameweka alama tofauti. Zungusha kwanza kinyume mpaka usikie "tik", thredi zimekutana. Ndipo ukaze, kwa vidole tu. Siku moja nilikuwa na haraka, nikairuka hiyo "tik". Filta ikaingia mshazari na kunasa, na thredi ya tundu lile imekufa hadi leo. Andika kwenye karatasi tundu lipi lina filta ipi.

3. Piga hesabu ya umbali. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Lenzi ya kusahihisha iliyo nyuma ya darubini, ile tunayoiita flatena, inataka sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga, ikae umbali maalumu. Nyingi zinataka milimita 55. Karatasi ya lenzi yako itakwambia. Kwangu hesabu ilikuwa hivi: ndani ya kamera, kutoka sensa hadi ukingo wa mbele, 17.5. Gurudumu, 20. Jumla 37.5, yaani bado 17.5 za kujaza kwa pete za kuongeza umbali. Nikajaza, nikafurahi, na nyota za kona zikatoka kama punje za mchele.

Nilichosahau ni kioo cha filta chenyewe. Kioo kinausogeza nyuma mkutano wa mwanga kwa takriban theluthi moja ya unene wake. Filta ya milimita 2 inadai karibu 0.7 zaidi, kwa hiyo lengo likawa 55.7, na pengo la pete 18.2. Nilichukua pete ya 16.5, nyingine ya 1, kisha washa (vipete bapa) nyembamba za 0.5 na 0.2. Pima kila pete kwa venia, kile kipimio cha sehemu za milimita, usiamini kilichoandikwa ubavuni. Na thredi dume usiihesabu, kwa sababu inazama ndani ya jike.

4. Jaribu kwenye nyota. Katikati ya Aprili, kama saa tatu na nusu usiku, Carina iko kusini, nyuzi 37 hivi juu ya upeo kwa sisi wa Dar. Piga picha ya sekunde 30 kwa filta nyekundu na ukuze kona zote nne. Kwa flatena nilizotumia, nyota zikivutika kuelekea katikati, sensa iko karibu mno: ongeza washa. Zikionekana kuizunguka katikati, punguza. Kona moja ikiharibika peke yake, acha washa. Kuna kitu kimekaa upande, kaza upya viungo.

5. Fokasi kwa kila filta. Hata za kampuni moja hutofautiana. Andika namba za fokasa, kile kifaa cha kurekebisha fokasi, kwenye ile karatasi ya matundu.

6. Piga flati, yaani picha za mwanga ulio sawa kote zinazotumika kufuta vivuli, kabla ya kufungua chochote. Kila filta na flati zake, kamera ikiwa haijageuzwa hata kidogo. Flati hizo hizo zitakuonyesha vumbi lilipo: kivuli kidogo na cheusi, liko kwenye kioo cha sensa, pete kubwa iliyofifia, liko kwenye filta. Hiyo ya filta mimi huiacha kama ilivyo, flati itaifuta. Kila nikifungua gurudumu kutoa punje moja, huwa naingiza tatu.