Kwa wanaoandika barua za kazi kwa Kiingereza hapa Goma

Wengi wetu tumesomea Kifaransa, nacho kinatuzoeza vibaya: "décision de partir", "habitude de fumer", yote "de" na kitenzi, basi. Kiingereza kinagawa: baada ya nomino nyingine huja "to" na kitenzi, baada ya nyingine "of" na kitenzi chenye mwisho -ing. Ukiandika "decision of leaving" katika barua ya kuomba kazi, msomaji anajua mara moja umetokea wapi.

Njia ya haraka ni kuangalia nomino imezaliwa na neno gani. "Decide", "refuse" na "attempt" hufuatwa na "to", kwa hiyo: "decision to leave", "refusal to pay", "attempt to escape". "Ability" nayo hufuata "able to". Lakini "habit", "risk" na "idea" hutaka "of" na -ing: "the risk of losing data". Kaidi ni "hope": kitenzi ni "hope to win", nomino ni "hope of winning". Hiyo ikariri tu.

Kwenye CV, andika "experience in managing projects", kamwe si "experience to manage". Na angalia "chance": "a chance to work" ni nafasi umepewa, "a chance of working" ni uwezekano tu.